Chekeche ya Yaya Domitille

Naviundu, tarehe 11 mwezi wa pili 2024

Yaya yangu Domitille, dada mukubwa,

Nimekaa pa mulango, mutoto iko ku mugongo. Ukiona maandishi inapinda usiniseke, ni yeye anapiga mateke. Siye huku tunapumua. Mvua haituachie, mayi ya Naviundu ilipanda mpaka pa ukuta ya jirani, lakini kwetu haikuingia. Bwana yangu Gérard alirudia ku kazi Kolwezi na telefone alibeba, njo maana unaona karatasi. Ningeazima ya muntu, lakini ukisema mambo yako mu telefone ya kuazima, kesho njia yote inajua. Mama mukwe yangu, Mama Ngalula, anakusalimia. Magoti inamusumbua. Ugonjwa ya kuku ilipita mu lupango, kiwanja yetu, ilimuachia kuku moja tu, ile nyeusi, basi anaiongelesha sawa muntu.

Emmanuella alimaliza miezi saba. Iko na meno mbili ya chini, na anauma.

Sasa Yaya, jambo ni hii. Mutoto hakule muzuri. Ao anakula lakini haionekane, sijui niseme namna gani. Kila asubui namupikia buyi ya bunga ya mahindi, nyepesi, haina hata kadonge. Ile chekeche ulinipatia siku ya ndoa yangu ingali nzima, nachekecha nayo mara mbili. Bamama ba hapa bananisifu, banasema buyi ya Kunda inateremuka sawa mayi. Anakunywa kikombe muzima, kiisha kidogo analia tena. Ile mikono yake ya kukunjana, yenye bantu balipenda kushikashika, sasa ngozi inalegea. Ku santre ya afya balimutundika mu mizani, mama munganga akaandika mu kadi. Sikuangalia muzuri, bantu balikuwa bengi.

Weye ulilea mutoto yako Chadrack, leo iko mwanaume. Ulimuanzaka na nini? Juu ya mukubwa yake Lombe najua hupende tuseme, sisemi. Lakini kama unaweza, ukuye. Kasumbalesa na huku si mbali. Toka siku ya ndoa yangu hukukanyaga tena Naviundu, na siku ileile uliondoka bantu bangali banakula.

Barua nampa ba Nzanzu, ule shofere wa Butembo mwenye kukulaka kwako.

Mudogo yako, Kunda


Kasumbalesa, tarehe 25 mwezi wa pili

Kunda,

Salamu yako nilipata, ya Mama Ngalula nilipata, hata ya kuku. Siye tuko. Kamyo zilipangana toka ku duane, pale pa mupaka, mpaka sioni mwisho, mashofere banakuya kukula na hasira. Mimi nakoroga bukari ya bunga toka asubui, mugongo si yangu tena. Hii alama ku karatasi ni mafuta, usifikiri ni machozi. Chadrack anakusalimia, iko na ndevu sita, anazichana.

Buyi ya mahindi peke yake ni mayi yenye rangi. Inajaza tumbo, haijengi mutoto. Nakutumia paketi. Ndani kuko mahindi, soya niliikaanga mpaka ikanukia, karanga, na kapenta, samaki ndogo za kukauka, nilitoa vichwa juu ya uchungu. Nilitwanga mwenyewe. Upike iwe nzito, ukiinua kijiko ibaki mu kijiko, isikimbie. Uongeze tone ya mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya mawese. Mara tatu ku siku, na ziwa yako umunyonyeshe kama kawaida. Usimumwangie mu kinywa sawa unajaza chupa. Ukae mbele yake, umungoje.

Kadi ni ya rangi gani, kijani, njano ao nyekundu? Unaandika hukuangalia. Weye Kunda, unaonaka mushono ya kikwembe ya muntu toka benchi ya nyuma mu kanisa, sasa kadi ya mutoto yako hukuona?

Juu ya kukuya, kazi ni mingi. Hii sufuria haina mukorogaji mwingine.

Domitille


Naviundu, tarehe 30 mwezi wa tatu

Yaya yangu wa mapendo,

Mungu akulinde na ile mugongo. Paketi yako ilichelewa wiki tatu. Ba Nzanzu alisema balimurudisha Zambia juu ya karatasi, bunga yako ikaenda mpaka kule na kurudi, imetembea kuliko mimi. Gérard alipita, alikaa siku mbili, alirudia. Mama Ngalula iko na kikohozi.

Nilifungua paketi, harufu ikajaza nyumba, jirani akauliza nani anapika. Aksanti sana. Kulikuwa vipande vipande, ile ya karanga na ya kapenta. Mama Ngalula akasema itamukaba mutoto mu shingo, na mimi niliogopa, basi nilichekecha muzuri, mara mbili, mpaka ikakuwa laini sawa poda ya uso. Natia kijiko moja mu sufuria, juu paketi ifike mbali, sijui kamyo itarudi lini.

Emmanuella anakunywa. Lakini macho yake, Yaya, inaniangalia sawa muntu mukubwa. Zamani nikimuita alipiga mikono. Sasa anageuza kichwa polepole, kiisha anaacha.

Mama Ngalula anasema ni ziwa. Ati ziwa inamudanganya, anashiba uongo, ndiyo maana chakula haimuingie. Yeye anamupenda, usifikiri vibaya, anamubeba na magoti yake ile mabaya. Basi muchana namunyima ziwa, toka jumatatu. Analia mpaka sauti inaisha.

Kintu moja tu inatusekesha humu. Kuku ya Mama Ngalula inanenepa, haitembei tena, inaviringika. Asubui inaningoja pa mulango ya jikoni. Nikitokea na chekeche inakimbia mpaka inaanguka.

Kadi ni ya njano. Ilikuwa ya njano hata mu mwezi wa pili. Basi, nimesema.

Kunda


Kasumbalesa, tarehe 4 mwezi wa ine

Kunda,

Salamu kwa bote. Leo naandika nimesimama, ba Nzanzu anapiga honi.

Ile yenye kubaki juu ya chekeche unapeleka wapi? Usinijibu, najua. Kuku inakula karanga yangu na soya yangu na kapenta yangu, mutoto anakunywa vumbi ya mahindi mu mayi mingi. Ulichukua chakula ukamupa kuku, kivuli yake ukamupa mutoto.

Usichekeche tena. Ukiona kipande kikubwa, utwange tena, usitupe. Na ziwa umurudishie leo, si kesho. Mutoto wa miezi nane chakula yake ingali ziwa, hii ingine inaongeza tu. Mpaka miaka mbili, kama maziwa iko.

Natuma paketi ingine.

Domitille


Naviundu, tarehe 21 mwezi wa ine

Yaya,

Tuko. Kikohozi ya Mama Ngalula iliisha.

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaifungua tena. Ile maneno ya kivuli iliniuma, sijui kama uliona wakati unaiandika. Ziwa nilimurudishia siku ileile. Maziwa ilikuwa imeanza kupunguka, nikamuweka saa yote, sasa inatoka. Kuchekecha niliacha. Siku tatu za kwanza alitema yote, mu nguo yangu, mu macho yangu. Siku ya ine alimeza bijiko bine. Na jana bitatu. Nakaa mbele yake namungoja, vile ulisema, buyi inapoa, naipasha moto, inapoa tena. Makala ya moto inaisha. Kazi ingine yote inalala.

Mama munganga alimufunga ile ribani ya kupimia unene ku mukono. Inasoma njano, lakini alinionyesha na kidole, nyekundu iko pale pale karibu. Alisema ikigusa nyekundu batamulaza ku lopitale. Bamama batatu mu mustari balikuwa nyuma yangu, banasikia. Nilisema ndiyo mama, ndiyo mama, kiisha nikasahau kikwembe yangu pale.

Yaya, mi niliachia shule primere ya ine. Unajua juu ya nini. Nilimubeba Chadrack ku mugongo wakati ulikuwa unauza, na sijutie. Kile najua ya mutoto najua kwako. Chekeche si mimi niliitafuta ku soko. Weye uliniletea, mbele ya bantu bote ukaniambia, mutoto yako akule laini. Nilifanya vile ulisema. Sasa unaniandikia sawa mi ni mujinga yenye kulisha kuku.

Nimechoka. Nimechoka mpaka mu meno. Naogopa siku ya kupima, naogopa na kumuvua nguo, juu nikimuvua ninahesabu mbavu.

Unasema sawa muntu mwenye alisha kuona. Uliona nini? Bantu ba hapa banasema ulikaa mu ile nyumba ya njia ya chini, yenye mulango ya bleu, na nikiuliza ingine banabadilisha hadisi. Uniambie. Ao usiniandikie tena mambo ya chakula, utume bunga tu, nitafanya vile nitaweza.

Kunda


Kasumbalesa, tarehe 19 mwezi wa tano

Kunda mudogo yangu,

Salamu kwako, kwa Emmanuella, kwa Mama Ngalula na magoti yake. Nilichelewa na si juu ya kamyo. Kamyo ilikuwa hapa, ba Nzanzu alikuya kuuliza barua siku tatu, kila siku nilimuambia bado. Siku ya tatu aliseka, akasema, mama, hata duane ni pesi kuliko wewe.

Ndiyo, nyumba ya mulango ya bleu ni ile nilikaa.

Lombe alikuwa na miezi kumi. Nilikuwa na chekeche mupya, waya yake ilikuwa inang'aa, mu njia yote hakukuwa ingine. Nilikuwa na kiburi nayo, sitakuficha. Bamama balikuwa banaleta bunga yabo nibachekechee. Buyi ya Lombe ilikuwa nyeupe sawa maziwa. Muntu alinipa karanga, nilitwanga, nikachekecha, karanga ikabaki juu, nikaimwanga. Hata mimi nilikuwa na kuku.

Alikonda. Kiisha siku moja nikaona miguu yake inajaa. Na mashavu. Bantu bakasema, ee Domitille, mutoto ameanza kunenepa. Nilifurahi. Nilifurahi wiki mbili, Kunda. Nilimuvalisha nguo ya jumapili nikamutembeza.

Haikuwa kunenepa. Ilikuwa mayi chini ya ngozi. Ku lopitale muganga mwanamuke akaniuliza, anakulaka nini? Nikamujibu, buyi, mama, laini kabisa. Hakunikemea. Aliniwekea mukono ku bega, na kwa ile mukono nikajua. Kama angenikemea ningejua kuko kintu ya kufanya.

Kiisha njo nilijifunza. Kwa Chadrack nilitwanga yote, sikutupa hata mukia ya kapenta. Uliniona, lakini ulikuwa mutoto, sikukuambia juu ya nini. Chekeche ilikuwa imefungwa mu gunia. Siku ya ndoa yako sikuwa na kintu ingine ya muzuri ya kukupa. Na sikutaka ilale tena mu nyumba yangu. Na ile neno ya laini ilinitoka, njo vile tulikuwa tunasemaka. Mi nilijua na nilikupatia, weye hukujua. Basi kosa uiweke fasi yake.

Sasa usikie. Umufinye mutoto ku muguu, pale juu yake, karibu na bidole, uhesabu mpaka kumi, utoe kidole. Kama shimo inabaki, usingoje siku ya kupima, umubebe saa ileile, hata kama anaonekana munene. Kama haibaki, umulishe.

Na usingoje kamyo yangu. Chakula iko kwenu. Maharage ukipika, toa ya mutoto mbele ya kutia pilipili, uiponde na maganda yake. Majani ya lengalenga uikatekate sana na mafuta ya ngazi. Papai ya kuiva. Samaki, miiba uitoe na vidole yako. Na yayi, kama mutapata.

Chekeche umupe ba Nzanzu, aniletee. Nitajua ya kufanya nayo.

Yaya yako


Naviundu, tarehe 23 mwezi wa sita

Yaya yangu,

Baridi ilifika, asubui mikono inakataa kushika kintu. Gérard alituma neno ati iko muzima. Mama Ngalula anatembea na fimbo sasa na anatupiga nayo kwa mapendo.

Barua yako niliisoma mara moja tu. Sikuweza ya pili. Niliiweka mu Biblia, na chekeche nikaitupa nyuma ya jikoni, sikutaka mukono yangu iguse. Kiisha nikamufinya Emmanuella muguu. Nikahesabu kumi. Nikatoa kidole. Hakuna shimo. Sikuamini, nikafinya ingine, nikarudia ya kwanza, mpaka akafikiri ni mucheso akaanza kuseka. Alikuwa hajaseka toka Paska. Nilikaa chini pale pale, Yaya, mu majivu.

Ile paketi ya pili iliisha. Tunatwanga yetu. Sikwambii ni pesi. Kuna siku anafunga kinywa, nakaa mpaka jua inahama ku ukuta. Kuna siku naweka kijiko chini nalia, kiisha nainua tena.

Sasa nikuambie ya mayayi. Ile kuku, na yote ilikula kwako, ikaanza kutaga. Nikamuambia Mama Ngalula, Mama, nipe yayi moja ya mutoto. Akakataa. "Mutoto akikula yayi mbele ya kuanza kusema, atakuwa mwizi. Njo vile balituambia kwetu."

"Mama, Gérard ulimupa yayi?"

"Hata moja. Nilimulinda."

"Na kinga ya baba yake nani aliuza?"

Akaniangalia. Juu ile hadisi ya kinga, baisikeli ya baba mukwe, ananielezeaka yeye mwenyewe kila Noeli, vile Gérard aliuzaka kinga, akamuambia baba ati ilipotea mu mvua. Nikafikiri nimemukosea heshima, nikaanza kuomba musamaha. Akaanza kuseka, akaseka mpaka fimbo ikaanguka.

"Weye mama ya Emmanuella," akasema, "uko na kinywa." Akaingia mwenyewe jikoni, akachemusha, akamenya, akaponda na mafuta ya ngazi, akamulisha na vidole yake. Mi nilisimama tu. Kiisha akasema polepole, haniangalie, ati batoto babili alizikaka mbele Gérard hajazaliwa, balikuwa banakunywa buyi ya laini sana. Barua yako sikumusomea. Yeye pia hakuniuliza mubona chekeche iko inje.

Jana tulipima. Kadi ingali njano, sitakudanganya tena. Lakini mustari, ile yenye ilikuwa inashuka, ilipanda mwezi huu, na mwezi uliopita pia ilipanda. Ribani inaacha nyekundu upana ya ukucha mbili. Mama munganga alisema tukuye kila wiki, bado ni safari. Niliangalia kadi muzuri muzuri. Niliangalia mpaka muntu wa nyuma akaniambia, mama, tosha.

Juu ya chekeche, siwezi kukutumia. Nilienda kuichukua juu ya ba Nzanzu, nikakuta kuku iko ndani yake. Ilileta majani, ilijitengenezea, inalalia mayayi tisa, na ukisogeza mukono inakupiga. Mama Ngalula alisema tuache. Alihesabu ya Emmanuella akaweka pembeni, ile ingine, kama itatoa bifaranga, jogoo ya jirani njo itajibu.

Ba Nzanzu anarudi huku wiki ijayo. Alisema mbele, karibu na yeye, iko fasi ya muntu moja. Hutapita njia ya chini, mi nitakuya kukungojea ku barabara kubwa na mutoto.

Usilete bunga. Ya kesho tulisha kutwanga.

Kunda yako